Kosa la R katika Nchi ya Buha

Ramani za Tanzania zinauita mto huu Malagarasi. Ng'ambo, kule Burundi, mto huohuo ni Muragarazi. Maji ni yaleyale, L tu imegeuka R, na kwa mwalimu wa darasa la pili Kasulu au Kibondo badiliko hilo ni kazi ya kila siku. Mtoto anaandika "kurima" akikusudia "kulima", kalamu nyekundu inapita.

Mtoto huyu masikio yake ni mazima. Nyumbani kwao kinasemwa Kiha, ambacho wenyewe wanakiita Giha, na Giha kama jirani yake Kirundi husema kurima. Kutenganisha kura na kula, au mahari na mahali, ni tabia ya Kiswahili, tena cha mahali fulani. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia 1930 kamati moja ya lugha ikaanza kusimamia tahajia kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Sikio lililotumika kupima lilikuwa la pwani. Waha wengi wa miaka ile walikipata Kiswahili kwa miguu: vijana walienda kukata mkonge Tanga, wakarudi nacho pamoja na blanketi.

Hata hivyo tahajia ile ni nzuri, karibu kila herufi na sauti yake. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, uliochapishwa 2003, ulilinganisha watoto wa lugha 13 za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Wafini walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno ya kawaida, watoto wa Scotland wanaosoma Kiingereza asilimia 34. Kiswahili kwa maandishi yake kiko upande wa Kifini. Hapo ndipo inapozaliwa dhana kwamba lugha inayoandikwa kwa urahisi hivi haiwezi kuwa na disleksia, na anayeshindwa kuisoma ni mvivu tu.

Neno disleksia lilitungwa na daktari wa macho wa Stuttgart, Rudolf Berlin, mwaka 1887. Miaka tisa baadaye daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy: mwerevu, hesabu anaziweza, lakini jina lake mwenyewe aliliandika "Precy". Tangu hapo sehemu kubwa ya elimu hii imejengwa juu ya wasomaji wa Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ni kichaka. Kwa maoni yangu ni rula mbaya ya kuupimia ulimwengu. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake waliwapima wanafunzi wa vyuo wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitaliano walikosea maneno machache kuliko wenzao, lakini ubongo wa wote ulionyesha upungufu mahali pamoja. Katika lugha za aina hiyo disleksia hujificha: mtu anasoma kwa usahihi ila polepole mno, na tahajia inamshinda.

Kwa Kiswahili, Katie Alcock na Damaris Ngorosho walionyesha mwaka 2003 kwamba kujifunza tahajia yake si kazi nyepesi, hata ikiwa na mpangilio wake wote.

Sasa rudi Buha. Operesheni Kigoma ya 1972 iliwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikajaza madarasa. Watu wazima nao walifanya mtihani wa kisomo mwaka 1975, na taifa likatangaza kwamba wasiojua kusoma wameshuka hadi asilimia 39. Ilikuwa kazi kubwa, na siibezi. Lakini ilihesabu vichwa, na katika hesabu hiyo aliyeshindwa alikuwa na maelezo tayari: mzito, mtoro, au Mha.

Hilo la tatu ndilo linaloniudhi, kwa kuwa linawafunika watoto wawili kwa shuka moja. Wa kwanza anaandika "kurima" leo, kesho na mtondo. Kosa lake lina kanuni, ni sarufi ya mama yake. Wa pili anaandika neno moja kwa namna tatu katika ukurasa mmoja, na darasa la nne bado anaisoma "ndizi" herufi kwa herufi. Kosa lake halifuati kanuni yoyote, iwe ya Giha au ya Kiswahili. Kwenye daftari wote wawili wana mkasi uleule mwekundu.

Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kupokea wakimbizi wa Burundi, na watoto wao walifundishwa kwa mtaala wa kwao, wakianza na Kirundi. Humo mtoto akiandika "kurima" alipata vema. Nje ya kambi, katika wilaya ileile, mwenzake aliyeandika hivyohivyo alikuwa amekosa.