Mashindano ya Mashua na Sheria ya Kusaidiana

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Tanganika tunajua desturi moja ya wavuvi. Mtumbwi ukipinduka, hakuna anayeuliza kwanza: ni mtumbwi wa nani? Aliye karibu anaacha nyavu zake, anapiga kasia mbio, anamvuta mwenzake kutoka majini. Maneno mengine yatasemwa pwani. Leo napenda kuwaeleza kwamba desturi hiyo iko pia mbali na kwetu, kwenye ziwa moja la Ulaya, na huko imeandikwa kuwa sheria, hata katika mchezo.

Ziwa lenyewe ni Léman, kati ya Uswisi na Ufaransa. Mto Rhône unaliingia upande wa mashariki, na unatoka tena mjini Genève. Urefu wake ni kilomita 73 hivi, na kina chake mita 310. Tanganika yetu ina urefu wa kilomita 670 na zaidi, na kina cha mita 1,470; basi Léman ni kama mtoto mbele ya mama. Lakini mtoto huyu ana hasira. Kuna upepo wa baridi uitwao bise, unaotoka kaskazini-mashariki. Kuna mwingine uitwao vaudaire, unaoshuka ghafula kutoka bonde la Rhône.

Zamani watu wa ziwa hilo walitweka matanga kwa ajili ya kazi, si kwa mchezo. Mashua kubwa zilichukua mawe ya Meillerie kuyapeleka Genève kujenga nyumba. Zilikuwa na matanga mawili ya pembe tatu, yaliyofungwa kwenye foromali ndefu, jamaa moja na tanga la jahazi za Waswahili wa pwani. Moja ya mashua hizo, iitwayo Neptune, iliundwa mwaka wa 1904, nayo ikatunzwa ili watoto waone kazi ya babu zao. Kwa maana reli na malori vilikuja, na kazi ya matanga ikaisha.

Kazi iliisha, lakini mapenzi ya tanga hayakuisha. Mwaka wa 1872 watu wa Genève walikuwa wameanzisha chama cha kusafiri na kushindana kwa mashua, Société Nautique de Genève. Mwaka wa 1939 chama hicho kilianzisha mashindano makubwa yaitwayo Bol d'Or, maana yake Bakuli la Dhahabu. Mashua zinaondoka Genève, zinakwenda mpaka kijiji cha Le Bouveret, mwisho wa ziwa, halafu zinarudi Genève, pasipo kupumzika. Ni safari ya kilomita 123 hivi. Mwaka ule wa kwanza zilikuwa mashua 26 tu. Baadaye zikawa mamia. Katika 1994 mashua iitwayo Triga IV ilimaliza kwa saa 5 na dakika 1. Lakini upepo ukilala, walio katika mashua ndogo wanaweza kukesha majini usiku kucha na kufika siku ya pili.

Katika hizo ndogo, aina inayopendwa sana ni Surprise, yenye urefu wa mita 7 na nusu na zaidi kidogo. Humo ndimo undugu unapojifunzwa. Mmoja anashika usukani, mwingine anashika demani, wengine wanakaa ukingoni ili uzito wao uzuie mashua isilale. Wakibisha kuelekea upepo, wote wanahama pamoja kwa neno moja. Hapo cheo cha mtu hakisaidii kitu: anayechelewa anawalowesha wote. Ndiyo shule iliyozaa matunda makubwa. Mwaka wa 2003 mashua Alinghi ya chama hicho ilitwaa Kombe la Amerika. Tangu mashindano yale ya 1851 hakuna chama cha Ulaya kilichokuwa kimewahi kulitwaa, na mwaka huo likatwaliwa na watu wa nchi isiyo na bahari!

Lakini ziwa halina mchezo. Mwezi wa Juni 2019, katikati ya Bol d'Or, dhoruba ilishuka na upepo wa kilomita zaidi ya 100 kwa saa. Milingoti ilivunjika, mashua nyingi zikaacha mashindano. Saa kama hiyo mshindani afanye nini akimwona mpinzani wake majini? Sheria za mashindano ya tanga, zinazofuatwa ulimwenguni pote, zinajibu mwanzoni kabisa: kila mashua na kila mshindani ampe aliye hatarini msaada wote anaouweza. Kushinda kunakuja nyuma.

Pengine mtasema: sheria ni rahisi kuandika, lakini nani atakubali kupoteza taji? Basi sikieni habari ya Lawrence Lemieux, mtu wa Edmonton nchini Kanada, mji ulio mbali sana na bahari. Tarehe 24 Septemba 1988, katika Michezo ya Olimpiki, alikuwa akishindana peke yake katika mashua ndogo ya aina ya Finn, huko Pusan, Korea. Upepo ulikuwa mkali sana, naye alikuwa wa pili. Akaona mashua ya vijana wawili wa Singapore imepinduka. Hawakuwa hata wapinzani wake, walikuwa katika mashindano mengine. Mmoja alikuwa akichukuliwa na maji. Lemieux akageuza mashua yake, akawaokoa wote wawili, akangoja mpaka chombo cha walinzi kikaja kuwachukua. Ndipo akaendelea, akafika wa 22. Waamuzi walimrudishia nafasi ya pili ya siku ile. Lakini mwisho wa mashindano yote alikuwa wa 11, hakupanda jukwaa la washindi. Hata hivyo alipewa nishani ya Pierre de Coubertin, na wengi waliosahau nani alishinda mwaka ule wanalikumbuka jina lake.

Sisi wakristu hatustaajabu. Injili ya Mtakatifu Luka inatueleza kwamba Petro, nyavu zake zilipojaa samaki hata kutaka kupasuka, aliwapungia mkono wenzake wa chombo cha pili, nao wakaja, vyombo vyote viwili vikajaa. Wale nao walikuwa wavuvi wa ziwa lile lile, wenye kutafuta samaki wale wale. Bwana Yezu aliwachagua mitume wake wa kwanza katika watu wa namna hiyo, waliojua kuiacha kazi yao wanapoitwa na mwenzao.

Nasi tunashindana kila siku: shuleni, sokoni, mpirani, ziwani. Kushindana si dhambi. Lakini yule anayezama pembeni yetu, tumemwona?