Mhina: Jinsi ya kuutambua na kuupanda nyumbani

MHINA ni kichaka cha nchi za joto chenye maua madogo yanayonukia, na majani yake ndiyo yanayosagwa kupata hina. Kwa vizazi vingi umepandwa katika nyua za nyumba za Unguja, Mombasa, Lamu na Tanga. Hata hivyo, wakazi wengi wa mijini siku hizi huijua hina ya boksi tu, na baadhi yao hupakwa rangi nyeusi iitwayo piko wakidhani kuwa nayo ni hina.

Tofauti hiyo si ndogo. Hina halisi huacha rangi ya chungwa, ambayo hukolea na kuwa nyekundu ya hudhurungi katika siku moja au mbili. Piko huwa nyeusi tii kwa muda mfupi, kwa sababu mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali ambayo kwenye maboksi huandikwa kwa kifupi PPD. Kemikali hiyo ikipakwa kwenye ngozi huweza kuleta malengelenge, makovu na mzio wa kudumu. Umoja wa Ulaya unairuhusu katika rangi za nywele, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, lakini si kwa kuchora mwilini.

Kuutambua

Jina la kitaalamu la mmea huu ni Lawsonia inermis, nao ni wa ukoo mmoja na mkomamanga. Hufikia urefu wa meta 2 hadi 6. Majani yake ni madogo, laini, yamechongoka nchani na huota mawili mawili yakitazamana.

Maua huchanua kwa vichala kwenye ncha za matawi. Kila ua lina petali nne zilizojikunja, za rangi ya maziwa au waridi hafifu. Matunda ni ya duara, makavu, yanayokaribia ukubwa wa punje ya pilipili manga. Neno inermis maana yake ni "bila silaha", lakini mhina mkongwe huota miiba.

Mnunuzi wa mche anaweza kuupima kwa urahisi: jani bichi likipondwa kwa maji kidogo na kubandikwa kidoleni kwa saa chache, huacha doa la rangi ya chungwa.

Kuupanda

Njia nyepesi ni kutumia kipande cha tawi lililokomaa, chenye urefu wa sentimeta 15 hadi 20. Kipande huchomekwa kwenye kiriba chenye mchanga na samadi iliyooza, kikawekwa kivulini na kumwagiliwa hadi kichipue. Mbegu nazo huota, lakini zinapaswa kulowekwa kwa siku kadhaa huku maji yakibadilishwa kila siku.

Mche ukishika mizizi upelekwe mahali penye jua la kutwa na udongo usiotuamisha maji. Mhina ukishakua hustahimili ukame, ila maji yakituama mizizi huoza. Katika miji ya nyanda za juu yenye baridi hukua polepole.

Kuvuna

Majani huvunwa kwa wingi kuanzia mwaka wa pili, na kupogoa husaidia matawi mapya kuchipua. Yaanikwe kivulini, yatwangwe na kuchekechwa kwa kitambaa chepesi. Unga hukandwa kwa maji ya ndimu na kuachwa kwa saa kadhaa ili rangi itoke.

Tahadhari

Hina asilia nayo si ya kila mtu. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kurithi, wanaweza kupungukiwa damu ghafla baada ya kupakwa. Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wachanga, hivyo ni vyema wasipakwe kabisa.