Nani alizuia barabara? Historia fupi ya rufaa za tenda Kenya

Kila msimu wa siasa ukifika, sentensi hii lazima isikike jukwaani: "Barabara yenu ingekuwa imeisha, ila kuna watu wamekimbilia korti." Umati unazomea, mkutano unaendelea. Upande wa pili nao unajibu kwamba tenda zote huibwa, kwa hivyo kila rufaa ni uzalendo. Sitataja mtu wala chama. Nataka tu turudi nyuma tuone hii haki ya kupinga tathmini ya tenda ilitoka wapi, kwa sababu nikisoma maamuzi yenyewe naona pande zote mbili zinaieleza vibaya.

Tuanzie Turkwel. Mwaka 1986 serikali iliipa kampuni ya Ufaransa kazi ya kujenga bwawa la umeme kwenye korongo la Turkwel, kule Pokot Magharibi na Turkana. Hakukuwa na ushindani. Mwaka huo huo waraka wa ndani wa mwakilishi wa Jumuiya ya Ulaya jijini Nairobi ulivuja hadi kwenye gazeti moja la London. Alikuwa ameandika kwamba gharama ni zaidi ya mara mbili ya ile ambayo ingepatikana kwa zabuni ya wazi ya kimataifa. Kelele zikapigwa huko nje. Hapa nyumbani bwawa likajengwa. Sasa jiulize: kontrakta aliyeamini angeifanya kazi ile kwa bei nafuu angelalamika wapi? Gazeti la London si ofisi ya malalamiko.

Siku hizo ununuzi wa serikali uliendeshwa kwa nyaraka za Hazina na mwongozo wa mwaka 1978. Sheria ya Bunge haikuwepo. Tenda kubwa zilienda kwa Bodi Kuu ya Zabuni, na ukishindwa, umeshindwa. Barua haikukuambia kwa nini.

Mabadiliko hayakuja kwa huruma. Mwaka 1997 IMF ilisimamisha mikopo, wafadhili wengine wakaanza kuuliza pesa zinapita wapi, na tenda ikawa moja ya majibu. Mwaka 2001 zikatoka kanuni za ununuzi wa umma zilizoshusha mamlaka hadi kwa kamati za tenda za kila taasisi, na, kwa mara ya kwanza, zikaunda bodi ya kusikiliza malalamiko ya walioshindwa. Sheria kamili ilipitishwa 2005, ikaanza kazi Januari 2007. Katiba ya 2010 ikaweka Kifungu cha 227: ununuzi uwe wa haki, wa usawa, wa uwazi, wa ushindani na wa gharama nafuu. Tunayotumia leo ni sheria ya 2015.

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Tenda ya ujenzi hupimwa kwa ngazi. Kwanza karatasi za lazima: cheti cha ushuru, usajili wa mamlaka ya ujenzi, dhamana ya zabuni. Halafu uwezo: mitambo, wahandisi, kazi ulizowahi kufanya. Bei huja mwisho, na ni ya wale waliobaki peke yao. Ndiyo maana unaweza kusikia mwenye bei ya chini amekosa kazi na bado hakuna aliyeiba. Lakini pia ndiyo maana ngazi ya karatasi ni mahali pazuri sana pa kumtoa mtu usiyemtaka. Sheria inadai kila ukurasa wa zabuni uwe na nambari kwa mfululizo. Ukiruka kurasa chache kwenye kitabu cha kurasa mia nane, unaweza kuanguka kabla mtu hajasoma bei yako. Je, ni kosa dogo au kubwa? Sheria yenyewe inakubali kasoro ndogo zisizobadilisha masharti, na hapo ndipo mabishano mengi huzaliwa. Kamati ikimsamehe mmoja kurasa zake na kumfukuza mwingine kwa kosa lilelile, huyo mwingine ana kesi.

Swali la bodi huwa jembamba kuliko tunavyodhani: je, mlipima kwa vigezo mlivyoandika kwenye nyaraka za tenda, na kwa wote sawasawa? Bodi haiulizi kama barabara inahitajika, wala haiulizi nani ni mzalendo. Ikikuta kigezo kimeongezwa baada ya bahasha kufunguliwa, inaweza kufuta uamuzi, kuamuru tathmini irudiwe, au kuweka uamuzi wake mahali pa ule wa taasisi. Na barua ya kumwambia mtu ameshindwa sasa lazima iseme sababu. Hiyo barua ndiyo silaha yenyewe. Bila sababu, unapinga nini?

Sasa twende kwa "wamechelewesha maendeleo". Aliyeshindwa ana siku 14 kulalamika. Akilalamika, tenda inasimama. Bodi ina siku 21 kuamua. Asiyeridhika ana siku 14 kwenda Mahakama Kuu, ambayo ina siku 45. Kisha siku 7 kwenda Mahakama ya Rufaa, ambayo nayo ina siku 45. Jumlisha, hata kila mtu akingoja hadi dakika ya mwisho: siku 146. Haifiki miezi mitano. Kweli, tathmini ikirudiwa mzunguko unaweza kuanza upya, na kuna makampuni ambayo hulalamika ili tu kumchosha mshindani. Sikatai. Ila barabara iliyolala miaka mitatu na matingatinga yameota kutu, hebu ulizia kwanza fidia ya mashamba na kontrakta ambaye hajalipwa.

Halafu kuna jambo ambalo hao wanaosema kila rufaa ni uzalendo hawaligusi. Mlango huu ni wa mshindani peke yake. Wewe mwananchi ambaye barabara inapita mlangoni pako huwezi kwenda kwa bodi. Utatafuta Mahakama Kuu kwa njia ya katiba. Mkataba ukishatiwa saini kihalali, bodi haigusi tena. Na tenda ikipita kwa mkataba wa serikali na serikali, hakuna washindani, kwa hivyo hakuna aliyeshindwa wa kulalamika. Reli ya SGR ilipita hivyo. Kesi yake ilianza 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema ununuzi ulivunja sheria. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikasema utaratibu wa serikali kwa serikali ulikubalika. Treni ilikuwa inabeba abiria tangu 2017.

Yaani tenda ya kujenga choo cha shule inaweza kusimamishwa kwa sababu ya nambari za kurasa, na mradi mkubwa kuliko yote tangu uhuru ukakosa hata mshindani mmoja wa kuuliza jinsi ulivyopimwa. Mjadala wa jukwaani huwa unahusu hicho choo.