Kanisa la Peramiho na Kiti cha Askofu

Sisi tukaao Kilambo, huku chini penye mto Ruvuma, zamani tulikuwa jimbo moja na watu wa Ungoni, ijapokuwa nchi yao iko mbali sana. Abasia ya Lindi, iliyowekwa mwaka 1927, ilituchunga sote. Mwaka 1931 ikagawanywa, sisi tukawa chini ya Ndanda, nao chini ya Peramiho. Kwa hiyo habari za kanisa la Peramiho si habari za wageni.

Misheni ile ilianzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss. Mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, ilichomwa moto, na Spiss, ambaye alikwisha kuwa Askofu, aliuawa njiani akienda huko. Ikajengwa tena, na katika miaka ya 1940, zamani za Abate-Askofu Gallus Steiger, likasimamishwa kanisa kubwa lililopo hata leo.

Limejengwa kwa namna ya Kirumi, iliyoenea Ulaya katika karne ya 11 na ya 12. Alama yake ni tao la nusu duara, kama walivyojenga Warumi wa kale. Walimu na wawaeleze watoto kazi yake: mawe hupangwa juu ya kiunzi cha mbao, na jiwe la katikati likiisha kutiwa, kiunzi huondolewa, mawe yakashikana kwa uzito wao wenyewe. Lakini uzito huo husukuma kuta nje. Ndiyo sababu mafundi wa zamani walijenga kuta nene, wakatoboa madirisha madogo. Wako wasemao ya kuwa majengo hayo ni mazito mno. Sisi twaona yaifaa nchi yetu, maana ukuta mnene huzuia joto la mchana, na tao lahitaji fundi hodari kuliko chuma cha kununua.

Basi, kanisa huitwa kanisa kuu si kwa ukubwa wake, bali kwa kiti cha askofu kilichomo. Mwaka 1969 liliwekwa Jimbo la Songea, James Komba, Mwafrika, akawa askofu wake, na kiti kikahamia mjini. Je, Peramiho imepunguziwa heshima? Hasha. Watawa waendelea kusali humo, na kiti kilichotoka kilikwenda kwa mwana wa nchi, jambo ambalo misheni ilikuwa ikilifanyia kazi tangu mwanzo. Kwetu pia ilikuwa vivyo hivyo: mwaka 1972 kiti cha Ndanda kilishuka pwani, kikaja Mtwara.