Mbwa wa Kanga, Mbwa wa Kwale

Wazungu wamewagawa mbwa wa kuwindia ndege mafungu mawili, na hubishana juu yao kama sisi tunavyobishana Simba na Yanga. Pointa na seta wakinusa ndege husimama tuli, pua imeelekea kichakani, mpaka bwana afike. Spanieli hana subira hiyo: hujitosa kichakani akamfurusha ndege. Tabia hizi zimeitangulia bunduki. Zamani huko Ulaya seta alijilaza chini ili wavu utupwe juu ya kwale, pengine hata juu yake mwenyewe, na spanieli alifurusha ili ndege adakwe na kipanga aliyefunzwa. Kazi ya mbwa iliamuliwa na chombo alichoshika mtu aliye nyuma yake.

Sisi tuliochunga mbuzi chini ya majabali ya Mwitongo, pale Butiama, chombo chetu kilikuwa upinde. Ndege akiwa hewani, mshale haumpati. Pointa angetufaa kwa kwale, maana kwale hujibana majanini mpaka ukaribie kumkanyaga. Lakini kanga ni wa mbio. Mbwa akisimama kukuonyesha alipo, mwenzako keshafika kwenye mtama wa jirani.

Hata hivyo kanga akibanwa sana haendi mbali, hurukia mgunga. Hapo ndipo mbwa wetu alipoonyesha umahiri. Alikaa chini ya mti akibweka, na kundi zima likamkodolea macho yeye, likimkaripia kwa ile sauti yao ya kukwaruza, huku mwenye upinde akinyemelea upande wa pili. Mshale wa ndege ulikuwa mti mtupu wenye kichwa butu, usije ukanasa matawini. Ukikosa unaweka mwingine. Mradi mbwa hajanyamaza, kanga hawana habari nawe.

Hakuna aliyewafundisha mbwa hao. Mdogo alifuatana na mkubwa, basi. Kasoro yao ilikuwa pimbi. Majabali ya Mwitongo yamejaa pimbi, na mbwa akishazoea kuwafukuza hao, kanga hawamhusu tena. Babu mbwa wa namna hiyo hakumwita tena porini.

Uwindaji wa namna hii ulikuja kubanwa na sheria. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na sheria ya wanyamapori ya 1974 ikataka leseni kwa mwindaji. Kwa watu wa Bunda wanaopakana na hifadhi, kukutwa porini na mbwa na upinde kukawa mashaka matupu. Halafu 1994 ugonjwa wa distempa ukaua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na wataalamu wakawanyooshea kidole mbwa wa vijijini. Ndipo ikaja kampeni ya kuwachanja mbwa wa vijiji vya pembezoni dhidi ya distempa pamoja na kichaa, jambo ambalo mimi naliunga mkono kabisa. Kichaa cha mbwa kimeua watoto wa watu.

Siku hizi mbwa analinda boma. Kanga nao wanakula mtama wetu mchana kweupe.