Beji ya mionzi: shahidi anayefika tukio limekwisha

Oktoba 1904 alifariki Clarence Dally, fundi vioo katika maabara ya Thomas Edison huko New Jersey, Marekani. Hakuwa daktari wala mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza na kujaribu mirija ya eksirei, na ili kujua kama mrija unafanya kazi aliuweka mkono wake kwenye miale na kuitazama mifupa. Mikono iliungua, ikaota vidonda, ikaingiwa na saratani, ikakatwa, naye akafa miaka 9 tu tangu Wilhelm Röntgen aigundue miale hiyo. Kipimo cha kwanza cha mionzi kazini kilikuwa ngozi ya mfanyakazi mwenyewe. Hata Arthur Mutscheller alipopendekeza kiwango cha kuvumilika mwaka 1925, alikikadiria kwa ngozi: kwa mwezi mfanyakazi asipate zaidi ya 1/100 ya dozi inayoifanya iwe nyekundu.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Ernest Wollan na wenzake katika mradi wa bomu la atomiki, Chicago, waliuondoa mzigo huo kwenye ngozi na kuutwika filamu. Kipande kidogo cha filamu kilifichwa ndani ya beji nyuma ya kichujio cha metali. Kadiri kilivyopigwa na mionzi ndivyo kilivyozidi kuwa cheusi kikisafishwa. Baadaye zilikuja fuwele za lithiamu floraidi, ambazo huhifadhi nishati ya mionzi na kuitoa kama mwanga zikipashwa moto. Ni maendeleo makubwa, lakini kasoro moja ilibaki palepale: beji hizi hazisemi lolote mpaka zipelekwe maabara, mara nyingi baada ya wiki kadhaa.

Hospitalini ucheleweshaji huo unavumilika, kwa kuwa mashine ya eksirei ikizimwa mionzi hukoma. Viwandani nako, Horace Lester alipoanza kukagua vyuma kwa eksirei mwaka 1922 katika ghala la silaha la Watertown, Marekani, alitumia mashine yenye swichi. Baada ya vita vinu vya nyuklia vilileta iridiamu-192, isiyohitaji umeme na inayobebeka hadi porini yanakochomelewa mabomba. Ili kupiga picha ya chuma, fundi huzungusha mpini, kebo ikakisukuma chanzo cha iridiamu nje ya kasha lake zito, kisha hukirudisha. Kikichomoka kwenye kebo hakuna sauti, harufu wala joto la kumshtua. Mwaka 1984 huko Mohammedia, Moroko, chanzo cha namna hiyo kilianguka, mpita njia akakiokota na kukipeleka nyumbani. Watu 8 walikufa, na mwanzoni ilidhaniwa wamekula sumu. Mwaka 1999 huko Yanango, Peru, fundi wa kuchomelea alikitia chanzo kama hicho mfukoni, akapoteza mguu. Beji ya mpiga picha wa vyuma isingewaokoa watu hawa. Kilichohitajika ni kuelekeza kipimo cha mionzi cha mkononi kwenye kasha kila baada ya picha, kuhakikisha chanzo kimerudi.

Yupo atakayesema naidharau beji. La hasha. Mwaka 1990 Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilipopendekeza wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka badala ya kikomo cha 50, ni rekodi za beji zilizowezesha kikomo kipya kusimamiwa. Beji pia hufichua dozi ndogondogo zinazorundikana kimyakimya, na humpa mfanyakazi ushahidi akija kudai haki yake. Mwingine atasema fundi mzoefu hahitaji king'ora cha kumwonya papo hapo kuhusu mionzi. Lakini uzoefu hufunzwa na hisi, na mionzi haina inachogusa katika hisi hizo. Dally alikuwa na uzoefu, na haukumwokoa.

Hoja ya gharama ya vifaa hivi ina uzito zaidi, hasa kwa kampuni ndogo, na ndiyo maana mpangilio wa matumizi ni muhimu: kinachoonya papo hapo kitangulie. Marekani iliwalazimisha wapiga picha wa vyuma kuvaa king'ora cha mionzi mwanzoni mwa miaka ya 1990, juu ya beji na kipimo cha mkononi walivyokuwa navyo. Mkaguzi anayeridhika kuona beji vifuani amekagua kumbukumbu. Usalama wa siku ile ataujua akiuliza kipimo cha mkononi kiko wapi, betri yake ni nzima, na nani amekisoma baada ya picha ya mwisho.