Bunduki ya Kujilinda: Somo Kutoka Karamoja



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake wote.

Ndugu wasomaji, kati ya mwaka 2012 na 2016 masheikh kadhaa hapa Uganda waliuawa kwa kupigwa risasi, na mara nyingi wauaji walikuja kwa pikipiki kisha wakatoweka. Tarehe 8 Juni 2018 akauawa Mbunge Ibrahim Abiriga karibu na nyumbani kwake Matugga, pamoja na mlinzi wake. Katika miaka ile swali moja lilisikika kwenye baraza za misikiti na majumbani: je, Muislamu atafute bunduki ajilinde yeye na ahli zake, au aiachie serikali kazi hiyo? Wapo waliosema kuwa mwenye kungoja polisi huzikwa kabla hawajafika. Wapo waliosema kuwa bunduki ikiingia nyumbani haichagui wa kumuua, na kwamba Abiriga alikuwa na mlinzi na bado aliuawa.

Pande zote mbili zina hoja, na sisi hatukusudii kuzidharau. Lakini kabla ya kuamua ni vyema tutazame historia, kwani nchini mwetu liko eneo ambalo limeishi na swali hili kwa zaidi ya miaka mia moja. Eneo hilo ni Karamoja.

BUNDUKI ILIFIKAJE HUKO?

Karamoja iko kaskazini mashariki mwa Uganda, ikipakana na Kenya na Sudan Kusini. Ni nchi kavu, na wenyeji wake wengi ni wafugaji: Wadodoth, Wajie, Wabokora, Wamatheniko, Wapian, na Wapokot ambao wako pande zote mbili za mpaka wa Kenya. Ng'ombe kwao ni chakula, ni mahari na ni heshima. Tangu zamani walivamiana na kuchukuliana mifugo, lakini kwa mikuki na ngao, na wazee walikuwa na uwezo wa kusema basi, vijana wakatii.

Hapa sisi Waislamu tuna sehemu yetu ya habari, na hatuna budi kuikiri. Mwishoni mwa karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waswahili kutoka pwani, na wengine kutoka Ethiopia, ilifika Karamoja kutafuta pembe za ndovu. Mwanzoni walilipa kwa shanga na kwa mifugo. Baadaye, pembe zilipokuwa adimu na washindani wakawa wengi, bunduki nazo zikaingia katika malipo. Aliyeuza alirudi kwao na pembe zake, na bunduki ikabaki. Mwaka 1911 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwafukuza wafanyabiashara hao na kutuma askari kuzikusanya silaha. Zilipungua, lakini hazikusahaulika.

MWAKA 1979

Bunduki zilirudi kwa wingi katika miaka ya 1970. Waturkana wa upande wa Kenya walikuwa nazo, na baadhi ya vijana wa Karamoja wakaanza kujitengenezea zao kwa mabomba ya chuma. Kisha ikaja Aprili 1979. Idi Amin alipopinduliwa, askari wake waliikimbia kambi ya jeshi ya Moroto na kuliacha ghala la silaha bila mlinzi. Wamatheniko, ambao ndio waliokuwa jirani na kambi, wakabeba bunduki na risasi wawezavyo, na wengine wakapelekewa kwa kuuziwa.

Waliobeba hawakusema kuwa wanakwenda kuua. Walisema wanajilinda, na kwa hakika walikuwa na maadui. Lakini kabila moja likipata bunduki, jirani yake naye huona hana salama mpaka apate. Ndani ya miaka michache kila zizi lilihitaji bunduki kwa sababu zizi la jirani lilikuwa nayo. Mwaka 1980, ukame na maradhi vilipokutana na uvamizi wa kutumia bunduki, njaa kubwa iliua maelfu ya watu. Na wazee wakapoteza neno lao, kwani kijana mwenye bunduki na kundi la wenzake hakuona tena haja ya kumsikiliza babu yake.

Hili ndilo somo la kwanza: bunduki ikiwa kwa kila mtu na hakuna wa kuisimamia, hakuna anayekuwa salama, hata mwenye nayo.

ALIYEWEKA SILAHA CHINI PEKE YAKE

Msomaji anaweza kusema: basi jawabu ni rahisi, bunduki zichukuliwe zote. Asubiri kidogo, kwani historia ina somo la pili.

Magharibi ya Karamoja wako Wateso, wakulima na wafugaji. Walikuwa na vikosi vya mgambo vilivyolinda mpaka wao. Serikali mpya ilipoingia madarakani mwaka 1986 vikosi hivyo vilivunjwa, na ulinzi mwingine wa kutosha haukuwekwa mahali pake. Wavamizi kutoka Karamoja walipoona mlango uko wazi, waliingia. Katika kipindi kifupi familia za Teso zilipoteza karibu ng'ombe wao wote, wakiwemo wale wa kulimia. Mzee aliyelala ana zizi aliamka hana kitu. Hasira hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyowasukuma vijana wengi wa Teso kuingia katika uasi ulioanza mwaka 1987.

Miaka 15 baadaye yakawafika Wakaramoja wenyewe. Desemba 2001 serikali ilianza kukusanya silaha Karamoja. Makadirio ya wakati ule yalitaja bunduki zipatazo 40,000. Kwanza watu waliombwa wazitoe kwa hiari, na waliozitoa waliahidiwa plau za kulimia na mabati. Bunduki karibu 10,000 zilipatikana. Lakini mwaka 2002 jeshi lilihitajika kaskazini kupigana na waasi wa LRA, na askari wengi wakaondolewa. Wabokora, ambao walikuwa wametoa silaha nyingi kuliko majirani zao, wakavamiwa na wale waliozificha zao. Ng'ambo ya mpaka, Wapokot na Waturkana bado walikuwa nazo. Mtu aliyeitii serikali ndiye aliyefilisika, na aliyeidanganya akatajirika. Basi ni nani angetoa bunduki mara ya pili?

Ndiyo maana, zoezi lilipoanza upya kwa nguvu Mei 2006, jeshi lilizingira vijiji alfajiri na kupekua kila boma. Mashirika ya haki za binadamu, na ofisi ya Umoja wa Mataifa pia, yaliandika habari za watu waliopigwa, waliouawa na waliozuiliwa kambini mpaka jamaa zao walete bunduki. Hata hivyo ukweli usemwe wote: kufikia miaka ya 2010 silaha zilikuwa zimepungua sana, barabara zilipitika, na masoko yakafunguka. Ila amani ile haikukita mizizi. Kuanzia mwaka 2019 uvamizi ulirudi, na Julai 2021 jeshi likaanzisha operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Februari 2023 Kenya nayo ikaanzisha yake, Maliza Uhalifu, katika kaunti za kaskazini mwa Bonde la Ufa.

Jina hilo, Usalama kwa Wote, lina maana kuliko wengi wanavyodhani. Usalama wa nusu ya watu ni mtego kwa nusu ya pili. Nchi zetu zilikwisha kulikubali hilo kwa maandishi zilipotia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo, kwani bunduki inayokusanywa Moroto huku jirani ya Turkana ikiachwa, haijamaliza jambo.

SOMO LA MADINA

Ndugu zetu, hali ya Karamoja si ngeni katika historia yetu ya Uislamu. Kabla ya Hijra, makabila ya Aus na Khazraj ya Madina yalikuwa yameuana kwa miaka mingi, na vita vyao vya Bu'ath viliwamaliza wakubwa wao. Kila mmoja alikuwa na silaha, na kila mmoja alidai anajilinda.

Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622 hakuwaambia Aus waweke panga chini huku Khazraj wakibaki nazo. Aliwafunga wote kwa mkataba mmoja, pamoja na Mayahudi wa mji ule: kuulinda mji ni jukumu la wote, na ugomvi ukitokea urejeshwe kwa Allah na Mtume wake, si kwa panga. Silaha zilibaki, lakini zikawa chini ya amri moja. Na adabu ikafuata. Alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha, na aliyepita msikitini au sokoni na mishale aliamrishwa ashike ncha zake asije akamdhuru mtu.

Ama haki ya kujitetea, hiyo imo katika dini yetu bila shaka. Anayeuawa akitetea nafsi yake, ahli zake au mali yake huhesabiwa shahidi. Kwa hiyo hatumlaumu Mbokora aliyetamani bunduki yake baada ya kuvamiwa, wala Mteso aliyeulilia mgambo wake. Mwaka 2003, LRA ilipoingia Teso, vijana walioitwa Arrow Boys walipewa bunduki na serikali, wakashirikiana na jeshi, na wakasaidia kuwafukuza waasi. Tofauti yao na waliobeba ghala la Moroto ni kuwa bunduki zao zilikuwa na wa kuziulizia.

TUFANYE NINI?

Tukirudi kwenye swali la majumbani mwetu, sisi tunaona hivi. Kwanza, familia isifiche bunduki isiyo na kibali. Hiyo ni hatari kwa watoto, ni kosa kwa sheria, na ndiyo njia ile ile ya 1979. Pili, viongozi wetu wasione haya kudai ulinzi, kwani anayemwambia raia asishike silaha amejitwika deni la kumlinda. Baada ya kifo cha Abiriga serikali iliahidi kuandikisha alama za kila bunduki, ili risasi ikiokotwa ijulikane imetoka wapi. Ahadi ya namna hiyo raia wanayo haki ya kuiulizia. Tatu, tuwarudishie wazee na walimu wetu neno lao mbele ya vijana, maana Karamoja ilianza kuungua siku kijana alipoacha kumsikiliza mzee.

Na wafanyabiashara wetu wakumbuke misafara ile ya pembe. Faida ililiwa zamani na waliokula hawapo tena, lakini mayatima wa biashara ile wanazaliwa mpaka leo.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) azilinde familia zetu, awape subira waliopoteza wapenzi wao, na aujaalie mji wetu kuwa mji wa amani. Amin.

Wabillahi tawfiq.